Tahadhari: wanakuuzia betri huku wakijua gari ina shoti

Wadau wenye magari ya zamani hapa Dar, hasa Corolla, Carina na Mark II za miaka ya 90, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna mafundi umeme wanaotembea na betri kwenye buti, wamempiga dada yangu kweupe. Wameondoka na zaidi ya laki tatu na tatizo, yaani shoti inayonyonya betri gari ikiwa imezimwa, wameliacha palepale. Duka lao silitaji, kwa sababu mchezo huu hauchezwi na wao peke yao. Ishikeni mbinu.

Asubuhi unawasha, gari inalia tik-tik-tik basi. Fundi anakuja na kile kipimo cha mshale chenye vibanio viwili, kinachopata moto kama pasi. Anabana kwenye betri, mshale unaporomoka hadi kwenye nyekundu, anakugeuzia uone mwenyewe: "Mama, hii imekufa, haishiki chaji." Utabisha nini? Ambacho hakuambii ni kwamba kipimo kile ni cha betri iliyojaa. Betri iliyonyonywa chaji usiku kucha, hata kama ilitoka dukani juzi, mshale utaporomoka vilevile. Ilitakiwa ichajiwe kwanza, itulie, isome kama volti 12.6, ndipo ibanwe.

Akishafunga betri yake anahamia kwenye alteneta. Injini ikiwa inaunguruma, anachomoa kichwa cha hasi, gari inakohoa, anatikisa kichwa: "Na alteneta nayo imechoka." Fundi akikufanyia hivyo, mzuie. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta, na ukiitoa gari ikiwa inawaka volti zinaweza kuruka ghafla zikaunguza kontroli boksi (kompyuta ya gari) au redio. Kupima chaji ni kazi ya mita ya kawaida ya umeme tu: injini inawaka, unagusa vichwa vya betri, unasoma kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikisoma hivyo, alteneta inachaji.

Dada akauziwa vyote viwili, na vya zamani wakaondoka navyo kwa kisingizio cha skrepa. Haukupita muda gari ikalala tena. Akarudi dukani na karatasi yake ya waranti, na jibu alilopewa ndilo lililonifanya niandike: "Mama, waranti haihusu gari yenye shoti."

Kumbe shoti wanaijua! Siku ya kuuza hawaioni, siku ya waranti wanaikumbuka.

Shoti yenyewe tuliitafuta uani kwa mita ya bei ndogo. Unahamishia waya mwekundu kwenye tundu la 10A, unachomoa kichwa cha hasi cha betri, unaweka mita katikati ya betri na ule waya uliochomoa. Funguo nje, milango yote imefungwa, na usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika au mita yenyewe itaungua papo hapo. Kisha subiri kama nusu saa, maana alamu na vifaa vingine huchelewa kulala. Gari isiyo na shoti husoma chini ya ampea 0.05. Ya dada ilikuwa 0.43. Hiyo kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 10, kwa hiyo betri ndogo ya ampea-saa 40 ikiachwa Ijumaa jioni, Jumatatu haina nguvu ya kuzungusha stata.

Tukaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Tulipogusa iliyoandikwa DOME, namba ikashuka hadi 0.02. Kwenye Toyota nyingi hiyo inabeba taa ya ndani, saa, kumbukumbu ya redio na taa ya buti. Tukaweka simu inarekodi video ndani ya buti, tukafunga, tukafungua, tukatazama: taa inawaka muda wote! Swichi yake imeganda kwa kutu. Balbu ya wati 5 kwenye volti 12 inakula kama ampea 0.4, hesabu imekaa sawasawa. Laki tatu, kwa balbu.

Si kila gari itakuwa taa ya buti. Alamu za kufungwa mtaani na redio zilizoungwa moja kwa moja kwenye betri ni wahalifu wakubwa, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyong'ang'ania pia. Na alteneta huwa na hatia kweli mara nyingine, diodi zake, zile zinazozuia umeme usirudi nyuma, zikivuja. Ukimaliza fyuzi zote na namba haijashuka, tenganisha betri, toa waya mnene wa alteneta, rudisha mita. Ikishuka, basi nunua alteneta kwa amani. Ile swichi ya kukata umeme ambayo mafundi hukushauri ufunge mimi siikubali, inaficha ugonjwa tu.

Hiyo betri "mpya" nayo ikagueni. Vichwa vyake visiwe na mikwaruzo ya kibanio. Kwenye ya dada, nilipokwangua stika kwa kucha, chini yake nikakuta stika nyingine. Betri zenu za zamani msizitoe bure, risasi iliyomo ndani ina bei, na sioni kitakachomzuia mtu kuichaji ya kwako na kumuuzia jirani. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Dada alipewa kikaratasi cha mkono kisicho na jina la duka, sasa tunahangaika kuandaa malalamiko ya kupeleka Tume ya Ushindani.

Ukimpigia fundi, muulize kwanza kama ana mita ya kupima ampea gari ikiwa imezimwa. Akikuuliza betri yako ni saizi ya NS40 au N50, kata simu.