Washa za kabari za Nord-Lock kwenye moldi: nunua, ila pima ugumu wa chuma kwanza

Kwa bolti za reli za slaidi (kipande cha moldi kinachoteleza kwa ubavu) na za bloku za kuifungia slaidi kwenye moldi ya injeksheni, yaani ya kuumbia plastiki, washa hizi ni bora kuliko washa ya springi. Slaidi inapogonga stopa kila mzunguko, bolti hutikiswa kwa ubavu, na mtikiso wa namna hiyo ndio hulegeza bolti kuliko mwingine wowote. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alilithibitisha mwaka 1969. Washa ya springi ikishabanwa hulala bapa, basi.

Za kabari huja mbili mbili. Ngazi za ndani zina mwinamo mkali kuliko wa nyuzi za bolti, na meno ya nje huuma chuma. Bolti ikitaka kurudi nyuma, ngazi hupandiana na kuikaza zaidi. Ukizigeuza, meno yakatazamana, hazina kazi.

Kinachowaangusha wengi ni ugumu. Washa ina takriban 465 HV kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, yaani kama HRC 46 kwa kipimo cha Rockwell. Kwenye chuma cha moldi cha P20, chenye HRC 30 hivi, meno yanauma vizuri. Fungua bolti utaziona alama zake kwenye chuma. Kwenye chuma cha H13 kilichopikwa hadi HRC 50 hayaumi kabisa: jozi nzima huzunguka pamoja na bolti. Hapo tumia gundi ya nyuzi ya bluu, kama Loctite 243, inayostahimili hadi 180°C. Ondoa mafuta kwanza. Shimo likiwa halijatoboka upande wa pili, dondoshea gundi chini kabisa ya shimo, maana ukipaka bolti peke yake hewa inayobanwa huisukuma nje. Subiri saa 24 kabla ya kupasha moldi.

Jozi ya bolti ya M8 (ya milimita 8) ina kipenyo cha milimita 13.5 na unene wa 2.5. Kwa hiyo chimbia kichwa cha bolti milimita 2.5 zaidi, la sivyo kitachomoza na kubonyeza uso wa pili moldi ikifunga. Angalia pia chuma kinachobaki chini ya kichwa.

Usiziweke kwenye bolti za bega (zenye shina nene linalogota kabla ya nyuzi) za sahani ya ejekta, ile inayosukuma bidhaa itoke. Kichwa hakibani kitu. Wala hazizuii kipande kuhama mahali pake, hiyo ni kazi ya pini mbili za dowel, zile nyofu zinazobana kwenye mashimo yake. Na kwa kuwa huzuia kuzunguka tu, mgandamizo wa bolti bado hupungua nyuso zilizobanwa zikikaa sawa: baada ya moldi kupata moto na kupoa mara ya kwanza, rudia kukaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia.