Kitabu cha mamalia wa Afrika: kabla hujalipa, mtafute kipunji

Malalamiko ninayoletewa na wanafunzi wa uongozaji watalii yanafanana: mtu amejibana, amenunua kitabu cha mamalia wa Afrika kwa bei ya kipya, kisha akifika darasani anakuta wanyama wa milima ya kwao hawamo. Wengi huuliza picha, karatasi na uzito. Mimi nasema angalia toleo. Wala mwaka wa uchapaji usikutulize, maana kitabu cha zamani kikipigwa chapa tena bila kurekebishwa nacho hupewa mwaka mpya.

Kipimo changu ni kipunji. Kima huyu wa Mlima Rungwe na msitu wa Ndundulu, Tanzania, alitangazwa na wanasayansi mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus. Fungua faharasa, nenda herufi K. Hayumo? Kirudishe rafuni. Ukitaka kuhakikisha zaidi, mtafute sange wa Udzungwa mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo wa pua ndefu, aliyeelezwa mwaka 2008. Kitabu kisichowajua hawa wawili kina ramani na majina ya kisayansi ya zama za kabla yao kutangazwa, na mwongoza watalii akiyakariri ataumbuka mbele ya mgeni aliyesoma.

Namba moja, bila kusita: The Kingdon Field Guide to African Mammals, toleo la pili la 2015. Si lile la 1997. Mwandishi wake, Jonathan Kingdon, alizaliwa Tabora, akafundisha Makerere, na michoro kaichora kwa mkono wake. Tazama nyuso za kima alivyozipanga: rangi ya shavu, mstari wa paji, vitu ambavyo kamera huvipoteza kwenye kivuli cha msitu. Kwangu hana mshindani.

Namba mbili ni The Behavior Guide to African Mammals cha Richard Estes, 1991. Kwa kipimo cha kipunji kinaanguka, ila hiki hukinunui kwa ajili ya orodha. Estes aliwachunguza nyumbu wa Ngorongoro miaka mingi, na humo utaelewa kwa nini dume la nyamera husimama juu ya kichuguu na kwa nini swala pala dume hukoroma msimu wa kupandana. Mambo hayo hayachakai. Popo na panya usiwatafute humo.

Mammals of Africa, juzuu sita za 2013, kasome maktaba. Kwa asiye na fedha kuna iNaturalist kwenye simu, programu ya kutambua wanyama na mimea, bure, palipo na mtandao.

Sasa wauzaji. Maduka ya watalii hufunga vitabu kwa nailoni, bei kwa dola, na ukiomba kukifungua unaambiwa ulipe kwanza. Hapo ndipo toleo la 1997 linapopenya. Nakala za kudurufu mitaani nazo zimegeuza ramani za rangi kuwa weusi mtupu, hujui swala huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Inaniuma kijana wa Tukuyu, ambaye msitu wa kipunji uko juu ya vijiji vyao, atozwe dola kwa kitabu kisichomtaja mnyama huyo. Mwambie muuzaji akate nailoni mbele yako. Akikataa, ondoka na pesa yako.