Uzoefu wangu na dawa ya maji ya kuua wadudu wa nyasi

Mabaka ya kahawia yalipojitokeza kwenye nyasi zangu, nilidhani ni ukame, nikamwagilia kwa wiki mbili bila kuona nafuu. Baadaye nilichanganya vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na lita nane za maji, nikamwaga kwenye mita moja ya mraba ukingoni mwa baka, na kabla ya dakika kumi kupita viwavijeshi walikuwa wakitambaa juu ya majani. Ndipo niliponunua dawa ya maji yenye bifenthrini, mojawapo ya sumu zinazotengenezwa kwa kuiga ile ya maua ya pareto, ila yenyewe haiharibiki upesi juani kama pareto.

Kilichonisumbua kwanza ni kipimo. Lebo ilitaja kiasi cha dawa kwa ukubwa wa eneo, si kwa bomba, na nakiri kwamba zamani nilikuwa nikimimina kifuniko kimoja kwa kukisia tu. Safari hii nilijaza bomba maji matupu, nikanyunyizia mita 50 za mraba kwa mwendo wangu wa kawaida, kisha nikapima yaliyopungua: lita 4. Kwa hiyo bomba langu la lita 16 linatosha mita 200 za mraba, na dawa niliyoweka ni ile tu iliyoandikwa kwa eneo hilo.

Nilikata nyasi siku iliyotangulia, nikafyeka na maua ya magugu ili nyuki wasije wakanyonya sumu. Nilipiga dawa jioni, upepo ukiwa umetulia, kwa sababu viwavi hao hula zaidi usiku. Nilivaa glavu, buti, miwani na shati la mikono mirefu, na watoto hawakuruhusiwa kukanyaga hapo mpaka pakauke kabisa. Kando ya kidimbwi cha samaki niliacha ukanda mpana bila kuugusa, kwani bifenthrini, hata ikiwa kidogo sana, huua samaki.

Asubuhi yake viwavi wengi walikuwa wamekufa, na baada ya wiki tatu majani mapya yalikuwa yamefunika sehemu kubwa ya mabaka. Harufu yake ni hafifu na haikuunguza nyasi. Kwa wadudu wanaoishi juu ya udongo, nairidhia dawa hii bila kusita.

Hata hivyo, baka moja karibu na uzio halikupona. Nilipozivuta nyasi zake ziling'oka kama mkeka, na chini yake nikakuta mabuu meupe ya mbawakawa, yamejikunja, yakila mizizi. Bifenthrini hunata kwenye udongo wa juu na kwenye mabaki ya nyasi kavu, hivyo hata ukimwagilia sana haiwafikii kwa kiasi cha kuwaua. Mabuu hao wanahitaji dawa ya aina nyingine inayoshuka na maji hadi mizizini, tena wakiwa bado wadogo. Muuzaji alikuwa ameniambia kwamba bifenthrini inaua kila kitu. Kwa kweli iliua hata wasiohusika, maana buibui waliokuwa wakinisaidia kuwinda walitoweka kwa majuma kadhaa. Tangu hapo sinyunyizii bustani nzima: namwaga kwanza maji ya sabuni, na panapotokea viwavi wengi ndipo ninapopiga dawa, hapo tu na pembezoni mwake.