Ligi makini, ghala lililofungwa: tathmini ya ligi ya kuigiza besiboli na hoja ya drafti ya wachezaji wa ligi ndogo

Nimeongoza timu moja katika ligi ya mtandaoni ya kuigiza besiboli kwa misimu sita mfululizo, na kabla sijaeleza kasoro yake kubwa, ni haki niseme kwamba inaendeshwa vizuri kuliko ligi nyingine mbili nilizowahi kucheza. Kamishna hupakia faili la ligi kwa siku zilizopangwa, nasi mameneja hulipakua, hupanga vikosi na kurudisha maagizo, kisha kompyuta hucheza mechi za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Msimu ni wa mechi 162 kama ule wa Marekani, na uwezo wa mchezaji hupimwa kwa kipimo cha 20 hadi 80, kilekile wanachotumia maskauti halisi, yaani wasaka vipaji wa klabu. Kwa muda wote huo sijaona ratiba ikivunjwa bila taarifa. Takwimu zimepangwa vizuri na maombi ya kubadilishana wachezaji hujibiwa upesi. Katika hayo sina la kulalamikia.

Kasoro iko chini, kwenye ligi ndogo. Kila timu ina vikosi vyake vya madaraja ya chini, kuanzia Triple-A, daraja la juu kabisa chini ya ligi kuu, kushuka hadi kwa vijana waliosajiliwa jana, na ligi yetu haina sheria yoyote inayomlazimisha meneja kumwachia mchezaji ambaye hana nafasi ya kumtumia. Waliokuwapo ligi ilipoanzishwa walikusanya vipaji wakati bado vilikuwa tele, na tangu hapo wamevihifadhi kama mahindi ghalani. Anayeingia leo hukabidhiwa timu iliyotelekezwa, akafungua orodha ya vijana wake na kukuta majina matupu. Nimeshuhudia mameneja wapya watatu wakiondoka kabla ya msimu wao wa kwanza kumalizika, na sikuona sababu nyingine iliyowaondoa zaidi ya hiyo.

Nitoe mfano mmoja ninaoujua kwa karibu. Msimu uliopita nilihitaji mrushaji wa mkono wa kushoto, nikampata mmoja kwenye kikosi cha Triple-A cha timu nyingine: umri miaka 25, udhibiti wa mpira 60, mwaka wake wa tatu katika daraja hilohilo, na mbele yake warushaji watano wa mkono wa kushoto wakisubiri zamu. Nilimwandikia meneja wake nikampa mpigaji mzuri wa akiba. Alinijibu kwa adabu kwamba angemwachia kwa nafasi yangu ya kwanza katika uteuzi wa chipukizi, bei ambayo hakuna meneja mwenye akili timamu angeilipa. Simlaumu, kwa kuwa sheria inamruhusu. Lakini msimu ulipokwisha nilifungua tena ukurasa wa kijana yule nikakuta udhibiti wake umeshuka hadi 50, na katika ligi kuu hajarusha mpira hata mmoja. Hakumfaa mwenye timu, hakunifaa mimi, na yeye mwenyewe, kama mchezaji wa kuigizwa anaweza kusemwa hivyo, alipoteza miaka yake mizuri.

Ndiyo maana napendekeza drafti ya wachezaji wa ligi ndogo, na sizungumzii mchezo wa kete, bali uteuzi wa zamu kwa zamu ambapo timu iliyoshika mkia huchagua kwanza. Jambo hili halijatoka kichwani mwangu. Besiboli ya Marekani ina uteuzi unaojulikana kama Kanuni ya 5, unaofanyika kila Desemba kwa lengo hilihili la kuzuia klabu tajiri zisifungie wachezaji. Mwaka 1954 klabu ya Pirates ya Pittsburgh ilimchukua kwa njia hiyo kijana aliyekuwa amewekwa na klabu nyingine, Dodgers, katika timu yao ndogo ya Montreal. Kijana huyo alikuwa Roberto Clemente, aliyemaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na mipigo salama 3,000 kamili. Uteuzi huo una sehemu mbili, na ya pili, inayowahusu wachezaji wa ligi ndogo peke yao, ndiyo inayotufaa sisi. Huko klabu hulinda wachezaji 40 wa kikosi chake kikuu na wengine 38 katika orodha ya Triple-A. Aliye nje ya orodha hizo na aliyetimiza miaka inayotakiwa huweza kuchukuliwa kwa dola 24,000, tena bila sharti la kumweka katika ligi kuu. Desemba 2021, ligi kuu ilipokuwa imefungwa kwa mgogoro wa mikataba na sehemu ya kwanza ikashindikana, sehemu hii ya wachezaji wa ligi ndogo ilifanyika kama kawaida.

Kwetu sisi ningeipunguza makali na kuifanya nyepesi. Kila timu ilinde kikosi chake kikuu na wachezaji wengine 30 inaowataka, kisha tufanye mizunguko mitatu tu, na timu ikishapoteza wachezaji wawili isichukuliwe wa tatu. Idadi ya 30 nimeifikia baada ya kupitia orodha za timu zote, usiku mmoja mzima, nikigundua kwamba hata ghala lililojaa kuliko yote halina vijana zaidi ya 20 wanaoweza kweli kufika ligi kuu. Hakuna atakayepoteza lulu yake. Watakaotoka ni wale wa aina ya mrushaji wangu: watu wazima kidogo, wenye uwezo wa wastani, wasio na nafasi walipo ila wenye nafasi kwingine.

Wakongwe wana hoja yao, nami naiheshimu: wametumia misimu kadhaa kutafuta na kulea vijana hawa, na haipendezi mwingine aje kuvuna asichopanda. Jibu liko katika sharti la miaka. Kule Marekani aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini ya hapo hupewa misimu mitano kabla ya kuachwa wazi, na aliyesajiliwa akiwa na miaka 19 au zaidi hupewa minne. Tukilichukua sharti hilo kama lilivyo, hakuna chipukizi atakayenyakuliwa angali anakua, na mlezi wake atakuwa na muda wa kutosha kuamua kama anamwamini au la. Anayeshindwa kuamua ndani ya miaka minne, kwa maoni yangu, ameshaamua.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya kazi. Kamishna wetu anajitolea, na uteuzi huu utamlazimu kuwahamisha wachezaji mmoja mmoja kwa mkono baada ya kila mzunguko. Kwa sababu hiyo nimejitolea kuandaa orodha za waliolindwa na kuzihakiki mwenyewe, na meneja mwingine amekubali kusimamia saa, kila timu ikipewa saa nane za kuchagua. Ikizidisha, zamu inapita.

Kama tathmini, naipa ligi hii nyota nne kati ya tano, nayo ninampendekezea yeyote anayependa besiboli inayochezwa kwa subira. Nyota ya tano nimeizuia kwa makusudi. Pendekezo nimeshalikabidhi kwa kamishna, nikiomba kwanza alijaribu kwenye nakala ya faili la ligi, mbali na ligi yenyewe, ili kila meneja aone kwa macho yake ni nani angeondoka na nani angempata kabla hatujapiga kura.