Land Rover Defender 110 ya zamani: tairi nyembamba au pana?

Saizi 7.50R16 (nyembamba) na 265/75R16 (pana) zina kimo karibu sawa, kama milimita 800, kwa hiyo spidomita haitadanganya sana. Tofauti ni upana.

Nyembamba hukata tope mpaka ipate ardhi ngumu. Usukani hubaki mwepesi, na ikiwa na tyubu, fundi yeyote wa pancha kijijini ataiziba.

Pana huelea vizuri juu ya mchanga ukipunguza upepo. Lakini inadai rimu ya inchi 7, na ukikata kona hadi mwisho husugua mikono inayoshika ekseli ya mbele; rekebisha boliti za kikomo cha usukani kwanza!

Mimi nabaki na nyembamba, ingawa pana hutulia zaidi kwenye lami.