Gereji ya Chikongola inayopima kabla ya kushika spana

Mwenye gari la zamani hapa Mtwara, kama kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua na hujui inakwenda wapi, nenda kwa fundi wa gereji ya uani kule Chikongola. Nampendekeza kwa moyo mmoja. Anapima kwanza, anakuonyesha alichokiona, ndipo anafungua.

Gari langu ni Noah SR40, ile yenye injini ya 3S iliyolala chini ya viti vya mbele. Imeshapita kilomita 284,000 na ndiyo inayobeba samaki wangu wakavu kwenda Masasi na Newala. Asubuhi chini ya gari palikuwa pakavu kabisa, lakini kichupa cha akiba kila mara kiko chini ya alama. Hadi Mnazi Mmoja ya Lindi mshale wa temperecha unatulia. Nikitoka Masasi kuupanda mlima wa Newala na mzigo, unaanza kunyanyuka.

Gereji niliyoanzia, ambayo siitaji, walitazama mara moja wakasema rejeta. Wakaweka nyingine, wakang'oa thamostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto), na juu yake wakamimina dawa ya kuziba. Fedha ilikwenda na kulanti ikaendelea kupotea. Dawa ile inanikera hadi leo, kwa sababu haichagui tundu la kuziba: inaganda pia kwenye vijia vyembamba vya rejeta, na hapo injini inapoa kwa shida kuliko mwanzo.

Huyu wa Chikongola aliniambia nilaze gari kwake usiku kucha. "Mama, mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, na mimi nataka kuona gari likiwa baridi." Asubuhi akajaza maji hadi shingoni, akafunga pampu ya mkono yenye geji mahali pa mfuniko, akapandisha presha hadi 0.9 bar, namba ileile iliyoandikwa kwenye mfuniko wangu. Kisha akaacha. Geji ikashuka polepole, yaani kuna panapovuja, na huku mbele hakuna tone.

Hapo ndipo wengi wangeanza kubahatisha. Yeye akashika tochi na kioo kidogo. Akaangalia wota pampu, ambayo kwenye 3S inazungushwa na taiming belti, hivyo sili yake ikichoka maji hushukia nyuma ya kava na huwezi kuyaona ukiwa umesimama. Pakavu. Akachomoa kijiti cha oili. Haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili. Akawasha injini mfuniko ukiwa wazi, tukatazama kama yanatoka mapovu yasiyokoma, maana hayo yangeleta hofu kwamba gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na hedi yake) imeungua. Hayakutoka.

Akarudisha presha, akaingia chini ya gari, akafuata bomba mbili za chuma zinazopeleka maji ya moto kwenye hita ya nyuma. Akaniita. Kutu ilikuwa imekula bomba moja juu kidogo ya kishikizo, na pembeni yake kulikuwa na ukoko mweupe wa kulanti iliyokauka. Tundu lilikuwa dogo sana, linatema pale tu mfumo unapojaa presha, yaani safarini, na upepo wa barabarani unakausha kila kitu kabla sijaegesha. Ukikaa pwani na kubeba samaki wenye chumvi, chuma cha chini ya gari kinakuwa mgonjwa wa kwanza.

Alinipa njia mbili: kutafuta bomba mpya Dar es Salaam na kusubiri, au kukata njia ya hita ya nyuma na kuunganisha mpira mgumu wa rejeta kule mbele. Nilichagua ya pili. Huku kwetu hita ya nyuma haina kazi. Mtu wa Njombe angeamua vingine, na angekuwa na haki.

Mfuniko nao aliupima ukaonekana umelegea. Hili watu hulidharau. Mfuniko mzima wa 0.9 unafanya maji yachemke karibu nyuzi 118 badala ya 100, na tofauti hiyo ndiyo unayoihitaji mlimani. Akarudisha pia thamostati, ile inayofunguka kwenye nyuzi 82. Nilimuuliza kama haitaleta joto, akanieleza kwa utulivu kwamba injini isiyofikia joto lake inakula mafuta na kujichakaza ndani. Kulanti aliyoimwaga aliikinga kwenye beseni, kwa sababu ina utamu na ni sumu, na uani pale mbuzi na watoto wanapita.

Baada ya kufunga alipandisha presha tena, akaenda kuswali adhuhuri na kula. Aliporudi, mshale wa geji ulikuwa palepale. Ndipo akainua pua ya gari, akawasha na kutoa hewa yote hadi hozi ya juu ikawa ya moto. Nimeshapanda Newala na mzigo kamili, temperecha imetulia katikati.

Kupima peke yake nililipa shilingi 20,000, na kazi yote pamoja na mfuniko, thamostati na kulanti ikawa 165,000. Ni chini ya nilichotoa kwa rejeta ambayo haikuwa na kosa.

Kasoro zipo. Hakuna kivuli cha kumsubiri, na simu hapokei akiwa chini ya gari. Hana pia kipimo cha kemikali cha gesi kwenye rejeta, kwa hiyo tatizo la hedi lililojificha sana lingemchukua muda. Risiti ya mkono anaandika ukiomba, basi iombe kabla hajaanza kukusanya zana.