Almasi ya pete: pima upana kabla ya kuuliza karati

Lalamiko ni lile lile kila msimu wa harusi: pete iliwaka dukani, ilipofika nyumbani ikapoa, na katikati ya jiwe pana weusi. Jiwe ni almasi kweli. Kilichoharibika ni mkato, khasa kina.

Mwangaza huingia juu, hupiga kuta za chini, hurudi machoni. Kuta hizo zikilala karibu digrii 41, unarudi takriban wote. Jiwe likiwa na kina kirefu mno, kati huwa jeusi. Likiwa bapa, mwangaza huvujia chini na duara la kijivu huonekana ndani ya uso.

Wauzaji wanataja karati tu (yaani uzito wa jiwe), kwa dola, na hapo ndipo mnunuzi anapoumizwa. Almasi ya mviringo ya karati 1 iliyokatwa vizuri ina upana wa milimita 6.4 hadi 6.5, na kina chake ni asilimia 59 hadi 62.5 ya upana huo. Ukipima ukakuta milimita 6.2, uzito umefichwa kiunoni (ukingo mpana wa jiwe) na chini, pasipoonekana na mtu. Karati 0.9 ya mkato mzuri ina upana huo huo wa 6.2, kwa pesa pungufu.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni mviringo wenye cheti cha GIA, taasisi ya Marekani ya kupima vito, kilichoandikwa Excellent (daraja la juu kabisa) kwenye mkato. La pili ni Very Good, ilimradi vipimo viwe humo humo. La tatu ni umbo la yai: ligeuzegeuze, na ukiona mkanda mweusi umekatiza kati hauondoki, liache. Almasi ya maabara, iliyotengenezwa na watu, hupimwa kwa vipimo hivyo hivyo vya upana na kina. Zikonia, jiwe la kuigiza almasi, huchubuka upesi; juu yake sina la kuongeza.

Taa kali za kumulika zilizojaa maduka ya Mji Mkongwe hulifanya hata jiwe bovu lirushe cheche, na inaudhi muuzaji anapokukatalia kusogea nalo mlangoni. Sonara mkweli atakuja nawe mpaka barazani, kivulini, akuache uliinamishe polepole. Mng'aro ukifa hapo, mrudishie. Cheti kilichochapwa na duka lenyewe usikihesabu. Nambari ya cheti cha GIA ihakikishe kwenye tovuti yao ukiwa bado dukani, kisha linganisha milimita zilizoandikwa na zile za kalipa (kifaa cha kupimia upana), maana cheti cha kweli huweza kuambatanishwa na jiwe jengine.